Asipande Mtu Bila Saini

Kipimo hakuwa mtu wa kukaa. Chai aliinywa amesimama, viatu alivivaa huku anatembea, na siku ya harusi yake, kwa maelezo ya wifi yake ambaye hakuwahi kusimulia jambo bila kuliongezea chumvi, alikula kiapo mguu mmoja umeshaelekea mlangoni. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa kukaa kwenye kigoda kimoja tangu asubuhi mpaka jua lizame, na alishakata tamaa ya kumtuliza.

"Kaa unywe chai kama watu," Fundi alimwambia asubuhi ile, pini tatu mdomoni.

"Nikikaa nitachelewa."

"Usaili wako ni saa nne. Sasa hivi ni saa moja."

"Ndiyo maana."

Jina la Kipimo alilipata darajani. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kushuka chini ya daraja la mto, asubuhi na jioni, kutazama ubao mrefu uliochorwa namba, kusoma maji yamefika wapi, na kuipigia simu ofisi ya maji. Mita moja na nusu. Mita moja na robo. Namba hizo aliziandika kwa mwandiko ambao hata Fundi hakuwahi kuupata kwenye barua za uchumba, na aliamini kwamba mahali fulani kuna mtu anazisubiri kwa hamu.

Mwaka wa mvua kubwa ndipo alipojua hakuna. Siku hiyo ubao ulisoma mita nne na nusu, na mbele yake ulipita mlango mzima wa nyumba ya mtu, kitasa juu. Akapiga simu. Karani wa zamu akamjibu, "Asante, tumepokea," akaandika, akaiweka karatasi kwenye trei. Kutoka darajani mpaka mtaa wa bondeni maji huchukua dakika hamsini. Kutoka kwenye trei mpaka meza ya mkubwa karatasi ilichukua siku mbili. Mume wa wifi yake alikuwa ameshatoka salama, akarudi ndani kuchukua pikipiki. Pikipiki ilipatikana.

Wifi hakumlaumu hata siku moja. Angemtukana, Kipimo angepata usingizi.

Basi akaacha kuzisoma namba, akaomba awe mtu wa kuzisema. Wakampa cheo kirefu kama treni, mwelimishaji wa mazingira kitengo cha kukabiliana na mafuriko, na mkataba mfupi, wa mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza alikabidhiwa mabango mia tatu yenye picha ya wingu lililonuna. Watu wa bondeni waliyapokea kwa mikono miwili. Wiki mbili baadaye aliyakuta yameziba madirisha yaliyovunjika, wingu likiwanunia wapita njia. Mwaka wa pili alihutubia ukumbini, nusu ya ukumbi ikasinzia na nusu nyingine ikawa inaitazama ile iliyosinzia. Mwaka wa tatu alibeba beseni la kufulia mpaka saluni ya wifi, ambaye alikuwa msusi, akaujenga mtaa mzima humo kwa udongo na vibiriti, kisha akamimina maji ya birika taratibu. Wanawake waliokuwa wanasukwa wakasahau hata kulalamika kwamba wanavutwa nywele.

"Hicho kibiriti cha pembeni ni kwangu?"

"Ni kwako."

"Mbona kinaondoka?"

"Sasa tumeanza kuelewana."

Tangu hapo hakugusa bango tena. Alifundisha kwenye magereji, kwenye foleni za bomba, kwenye vibaraza. Akakubaliana na watu: kipande cha reli kinachoning'inia pale shuleni kikigongwa, kila mtu aache alichonacho apande ghorofani. Shule ile ndiyo pekee yenye ghorofa mtaa mzima. Ina ukuta kuizunguka, na geti moja jembamba chini ya mteremko.

Zoezi la kwanza watu mia moja na arobaini walipanda kwa dakika kumi na mbili. Kipimo nusura alie. Akaipeleka taarifa kwa mkuu wa kitengo, mtu wa tai fupi na mihuri mingi. Mkuu akalifungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole.

"Mbona naona saini mia moja na mbili tu?"

"Wengine walikuwa wanakimbia, mkuu."

"Kama hawakusaini, hawakuwepo."

Zoezi la pili, kwa hiyo, Kipimo aliweka meza getini, na nyuma ya meza akamweka mlinzi wa shule. Mlinzi huyo watu walimwita Komeo, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa mzee mkakamavu wa viatu vinavyong'aa, na amri kwake ilikuwa amri.

"Asipande mtu bila saini," Kipimo alimwambia.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akadhani ni utani. Siku ya zoezi alikuja mbio na kipaza sauti chake, akakuta fimbo ya Komeo imelala kwa upana getini. "Saini, mama." Kipimo akasaini, akamsifu mbele ya mtaa mzima, na mtaa mzima ukapiga makofi. Wiki ile Komeo aling'arisha viatu mara mbili kwa siku. Watu mia moja na sabini, saini mia moja na sabini. Mkuu akatabasamu, na Kipimo akaona meno ambayo hakuwahi kuyaona.

Ndipo nafasi ikatangazwa: mkufunzi mkuu, ajira ya kudumu. Kipimo aliitaka kazi ile mpaka ilimwasha nyayo. Alishachoka kila mwisho wa mwaka kusubiri kama kuku sokoni, ajue atabaki au ataondoka. Lakini zaidi ya hilo, mkufunzi mkuu ndiye angepanga namba ya darajani iende wapi kwanza. Angeweza kuipeleka moja kwa moja kwenye kengele za mitaa yote saba ya mabondeni, isipitie trei ya mtu.

"Na watakupa kiti kile cha kuzunguka," wifi alimwambia. "Kitakufaa. Utakuwa umekaa huku unakwenda."

Masharti yalikuwa usaili, na daftari lenyewe la mahudhurio ya mazoezi matatu, likabidhiwe siku hiyohiyo kabla ya saa kumi jioni. Mawili alikuwa nayo. La tatu lilishapangwa saa nane mchana, siku ileile ya usaili. Daftari lilibaki kwa Komeo, ambaye alilifungia kabatini kama hati ya kiwanja. Mpango ulikuwa asailiwe saa nne, arudi mbio, afanye zoezi, akimbize daftari mjini. Fundi alipousikia alitoa pini mdomoni.

"Huo si mpango, hiyo ni riadha."

Jua lilikuwa kali asubuhi hiyo, mbingu imefagiliwa safi. Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu, watu watatu upande mmoja, na upande wa pili kiti cha ngozi, kile cha kummeza mtu. Kipimo akakaa ukingoni. Katikati ya wale watatu alikuwa mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Tuambie, umetoka wapi mpaka kufika hapa?"

Hajafika kwenye kisa cha beseni, simu ikatetemeka pajani. Alikuwa msomaji mpya wa darajani, ambaye Kipimo alimwomba: maji yakipita mita tatu, nipigie mimi kabla ya ofisi. Msomaji yule alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja. Hakujua kufika kwenye neno bila kupitia salamu zote.

"Naomba radhi," Kipimo alisema, akapokea.

"Dada Kipimo! Habari za asubuhi?"

"Nzuri. Namba?"

"Umeamkaje? Fundi hajambo?"

"Hajambo. Namba!"

"Huku tunashukuru, ila huyu wangu wa pili ana mafua..."

"Kaka, namba!"

"Mita nne na sabini, dada. Imenyesha huko juu usiku kucha. Na inapanda."

Mita nne na sabini. Zaidi ya ile ya mwaka wa mvua kubwa. Kipimo alikuwa wima kabla hajajua kwamba amesimama. Akampigia Komeo.

"Piga kengele."

"Zoezi si saa nane, mama?"

"Piga sasa hivi!"

"Sawa, mama." Na hapohapo akaisikia reli ikilia simuni, kali, bila kupumzika. Pumzi zikamshuka. Dakika hamsini, na watu hupanda kwa kumi na mbili. Hakumwambia Komeo kwamba leo si zoezi. Kengele ni kengele, alijiambia.

"Umemaliza?" mwenyekiti aliuliza.

"Maji yanakuja mtaani kwangu. Kengele imeshalia."

"Unahitaji kuondoka, au tuendelee?"

Miguu yake ilishageukia mlangoni. Miguu ilikuwa imemaliza kufikiri zamani. Lakini kichwa kikaona mikataba kumi na moja ya mwaka mmojammoja, kikaiona ile trei, kikaona sura tatu zinazomtazama kwa heshima mpya, maana ni mara ngapi mtu huja kusailiwa na kazi yake ikafanyika mbele yao?

"Tuendelee," alisema. Akakaa. Safari hii akaegemea kabisa.

Alijibu vizuri kuliko maisha yake yote. Vibiriti viliwachekesha, wingu lililonuna likawachekesha zaidi. Mmoja aliandika mpaka akageuza karatasi. Zikapita dakika ishirini, zikapita thelathini, na mwenyekiti akauliza swali la mwisho, mafanikio yake makubwa ni yapi.

"Watu wangu wakisikia kengele hawabishani," alisema Kipimo. "Wanakuja."

Simu ikatetemeka. Wifi.

"Wifi, hongera," sauti ilisema, nyuma yake makelele. "Umetufundisha, tumefundishika."

"Mko juu?"

"Tuko kwenye foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya saini! Kalamu zilikuwa mbili, moja imekufa. Watu walikuja wanajivuta, wanajua ni zoezi limewahishwa. Sasa hivi mimi ni kama wa sitini. Huyu wa mbele yangu anaandika mpaka jina la babu yake, na viatu vyangu vinaelea."

"Maji yako wapi?"

"Hapa getini miguuni. Wa nyuma kule magotini." Sauti ikashuka, utani ukayeyuka wote. "Wifi, yanakuja haraka. Wa nyuma wanasukuma, na huyu mzee hatoi fimbo."

"Weka spika. Mpe!"

Mezani kalamu ziliwekwa chini.

"Mzee Komeo! Mimi Kipimo. Ondoa fimbo, waache wapande!"

"Bila saini, mama?"

"Bila saini!"

"Ulisema hata wewe mwenyewe. Mbele ya watu. Nikasifiwa."

"Nimebadilisha!"

"Mama, nisamehe. Zoezi la pili kuna watu kumi walinipa simu, wote wanasema bosi kabadilisha. Ukija mwenyewe nitakuona, nitafungua."

Hakuwa anabisha. Alikuwa anatii, kwa moyo wote, kile alichofundishwa. Kipimo aliliona hilo kwa uwazi, kama aonavyo namba ubaoni: ukuta, geti jembamba, meza, daftari, na nyuma yake watu mia na zaidi waliosimama kwenye mstari mzuri kabisa aliouchora yeye.

"Wifi. Daftari liko mbele yake?"

"Lipo mezani."

"Litupe majini."

Kurasa zilisikika zikichakarika. Kisha, "Daftari la kazi yako? Si ndilo wanalolitaka hao?"

Mwenyekiti alivua miwani.

"Litupe!"

Kikasikika kishindo kidogo cha maji. Kikafuata kilio cha Komeo, "Mali ya ofisi!", na kishindo kikubwa zaidi, na wifi akipiga kelele, "Mzee kaingia! Mshikeni mkanda, mshikeni huyo mzee jamani!" Meza ikapinduka. Vishindo vya miguu, vingi, na simu ikakatika.

Kipimo alikuwa ameshafika mlangoni.

"Daftari linatakiwa kabla ya saa kumi," mwenyekiti alisema nyuma yake, si kwa ukali. Ndiyo sheria, na alikuwa anaisoma kama ilivyo.

Dereva wa pikipiki alimwambia mara tatu aache kumsukuma mgongoni, pikipiki haiendi kwa kusukumwa. Alipiga simu ya wifi njia nzima. Haikupatikana. Jua liliendelea kuwaka bila aibu, watu wameanika nguo, na kila nguo nyekundu aliyoiona ilikuwa sketi ya wifi inaelea. Barabara ya chini ilikuwa imekatwa na maji; wakazunguka kwa muda wa saa nne, wakatokea njia ya juu, nyuma ya shule, na pale kilimani dereva akazima injini mwenyewe. Bonde lote lilikuwa maji, mapaa ya nyumba yametoka kama migongo ya ng'ombe wanaovuka. Geti la shule halikuonekana.

Akapanda ukuta wa nyuma kwa sketi ya usaili, ikachanika mpaka pajani, akapanda ngazi mbilimbili.

Walikuwepo. Walijaa madarasa matatu na ukumbi wote wa mbele. Akahesabu vichwa kwa kidole, midomo inacheza, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mia moja na sitini na nane, na nyumba moja baada ya nyingine ikathibitisha kwamba hakuna aliyebaki. Mama mmoja aliteguka mkono kwenye msukumano wa getini, amefungwa kanga. Komeo alikaa chini pembeni, kiatu kimoja, amelowa mpaka kofia.

"Sikulipata, mama," alisema. "Nimekuharibia kazi."

Kipimo akachuchumaa mbele yake. "Ulifanya nilichokufundisha, mzee wangu. Niliyekosea ni mimi." Komeo alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jua ndilo lililokosea.

Wifi alikuwa dirishani, anaikamua sketi yake. Saluni yake haikuonekana, hata bati lake.

"Nilikuwa naweza kuondoka simu ya kwanza," Kipimo alimwambia. "Ningefika. Nikakaa."

"Nilijua tu. Siku ukikaa wewe, kutakuwa na balaa."

Kipimo hakucheka. "Na ile mara ya kwanza. Ile namba niliisoma mimi. Nilikuwa nayo mkononi dakika hamsini nzima."

Wifi aliacha kukamua. 

"Mimi ndiye niliyemwambia arudie pikipiki," alisema. "Sasa tukae tuanze kugawana lawama? Maana iko ya kututosha."

 Wifi hakumngoja ajibu, akapiga makofi, sauti imerudi kwenye utani wake. "Haya jamani! Ni saa tisa na nusu. Kazi ya huyu dada inataka majina kabla ya saa kumi. Chaki hii hapa, ubao ule pale. Kila mtu aandike jina, tunapiga picha, tunamtumia huyo bosi wake simuni."

Watu walifurahi. Hatimaye kitu cha kufanya. Wakainuka, wenye watoto mgongoni, wenye nguo za kuazima, na bila kuambiwa na mtu wakajipanga. Mstari ulinyooka kutoka ubaoni, ukapita kati ya madawati, ukatoka mlangoni, mpaka kwenye ngazi, ambako maji yalikuwa yanailamba ngazi ya nne. Mstari mzuri. Wa nyuma wakaanza kuteremka ngazi ili wapate nafasi kwenye foleni.

Kipimo aliuona mstari. Akapenya, akaichukua chaki kutoka kwa mtu wa kwanza, aliyekuwa ameshaandika herufi mbili, akaitia mfukoni.

"Rudini juu," alisema. "Wote. Sitaki jina la mtu."

"Na kazi?" mtu aliuliza.

"Tokeni kwenye ngazi!"

Wakatoka. Saa kumi ikafika, ikapita, na yeye alikuwa anatembea dirisha hili mpaka lile, akisoma maji kwenye ukuta wa choo cha shule kama zamani: tofali la saba, tofali la saba na nusu, tofali la saba.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Nafasi amepewa mwombaji mwenye vielelezo kamili. Ndani ya bahasha hiyohiyo, kwa kubana karatasi pengine, ulikuwamo mkataba wa mwaka wa kumi na mbili.

Zoezi lililofuata alikuja na fundi wa kuchomelea, wakaling'oa geti. Komeo alisimama katikati ya nguzo mbili tupu, mikono haijui iende wapi, mpaka Kipimo alipompa amri mpya: yeyote anayesimama getini, msukume. Hata mimi. Alimsukuma mkuu wa kitengo, aliyekuja kukagua na akasimama kidogo kufunga kamba ya kiatu. Watu walipanda kwa dakika nane. Huko juu, kabla hawajahema, wengi walijipapasa mifukoni kutafuta kalamu. Kipimo aliona. Miaka mingapi tena ya kuiondoa tabia hiyo, hakujua. Kwenye taarifa aliandika, "Walipanda wote." Mkuu akairudisha: "Wote ni wangapi?" Kipimo akairudisha tena kwake ikiwa na namba ya simu ya msomaji wa darajani, na maneno: ukimpigia, umsalimie kwanza.

Hakuwa na uhakika kama hiyo itamfukuzisha. Asubuhi yake alikunywa chai mlangoni, macho kwenye mawingu ya upande wa juu.

"Kaa basi, leo tu," Fundi alisema, pini mdomoni.

"Nilishakaa," alisema Kipimo, akamkabidhi kikombe kikiwa nusu, akatoka.